Je, Ufunguo wa Gari Husahau Ukitolewa Betri?

Nilikuwa nimebeba mzigo mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili. Nikabonyeza kitufe cha kufungulia milango kutoka umbali niliouzoea, gari likakaa kimya. Nikabonyeza tena, safari hii nikikaza kidole gumba kana kwamba kilichopungua ni nguvu za kidole. Kimya. Nilipofika karibu kiasi cha kuweza kuugusa mlango, taa za pembeni zikawaka na kuzima, vitasa vikafyatuka vyote kwa pamoja, na gari likanipokea kana kwamba hakuna lililotokea.

Betri ya rimoti ilikuwa imechoka, wala halikuhitaji fundi kunieleza hilo.

Kwa majuma kadhaa niliishi na ufunguo huo hivyohivyo. Nilijifunza kubonyeza nikiwa karibu, nikajifunza kubonyeza mara mbilimbili, na hata ile mbinu ya kuuweka ufunguo chini ya kidevu nikaitumia. Mbinu hiyo huchekesha watu wakikuona, lakini ina ukweli ndani yake, kwa kuwa kichwa cha binadamu kimejaa maji na huyasaidia mawimbi ya rimoti kufika mbali kidogo zaidi. Kubadilisha betri yenyewe niliona ni kazi ya dakika chache. Kilichonizuia ni maneno niliyoambiwa na jirani yangu, mzee wa rika la baba yangu, aliyeanza kumiliki magari kabla mimi sijajua kuendesha baiskeli.

"Mwanangu, usiiguse hiyo," aliniambia. "Ukiitoa betri tu, ufunguo unalisahau gari. Hapo ndipo utakapomjua fundi wa kompyuta."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Mpelekee fundi. Yeye anajua kuitoa na kuirudisha nyingine kabla haujasahau."

Nilishukuru, nikaondoka. Maneno yale yakakataa kunitoka.

## Kabla haujasahau

Kilichonikera ni kile kipande cha mwisho. Kama ufunguo hupewa muda fulani wa kulikumbuka gari baada ya betri kutolewa, muda huo ni wa kiasi gani, na fundi anaupima kwa kifaa gani? Tena kuna betri zinazokufa zenyewe, kimyakimya, ufunguo ukiwa mfukoni. Machoni pa saketi, betri iliyotolewa na betri iliyokufa kabisa ni jambo moja: umeme umekatika. Kama maneno ya mzee yangekuwa kweli kwa jinsi alivyoyasema, basi kila ufunguo uliowahi kuishiwa betri ungekuwa umepotea siku hiyohiyo, na mafundi wa funguo wasingepata usingizi.

Hata hivyo sikuweza kuyatupa. Mzee huyo si mtu wa kubuni mambo. Aliposema kwamba amewahi kuona ufunguo ukigoma baada ya kufunguliwa, niliamini kwamba aliuona ukigoma. Nikajikuta nina hoja inayosema haiwezekani na shahidi ninayemheshimu anayesema ilitokea, nami sikutaka kumdharau shahidi kwa sababu tu hoja yangu ilikuwa nzuri.

Nikaamua kwamba kabla ya kugusa bisibisi, nitajua kwanza kilichomo ndani.

## Ufunguo mmoja, kazi tatu

Ufunguo wa gari la siku hizi kwa nje ni kitu kimoja, ila ndani yake mna vitu vitatu ambavyo kila kimoja kinaweza kufa bila vingine kuhisi. Kwanza ni chuma chenyewe, kile kinachoingia kwenye tundu la mlango. Hata funguo za magari yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe huwa na chuma hicho, kimefichwa ndani ya gamba na hutoka ukisukuma kilimi kidogo pembeni. Wapo watu walioendesha gari lao kwa miaka bila kujua kwamba wanacho.

Pili ni rimoti. Hii ni saketi ndogo inayorusha mawimbi ya redio kila unapobonyeza kitufe: kwa magari ya soko la Marekani na Japani, masafa yake kwa kawaida ni megahezi 315, kwa Ulaya na sehemu nyingine nyingi ni megahezi 433.92. Antena yake mara nyingi si waya, ni mstari wa shaba uliochorwa kuzunguka ukingo wa bodi.

Cha tatu ndicho kilichonifungua macho. Ni chipu ya kuzuia wizi, ile inayoiambia injini kwamba aliyeingia ana ruhusa ya kuwasha. Chipu hii haili betri. Kuzunguka tundu la kuwashia kuna koili inayotoa uga wa sumaku, kwa kawaida wa kilohezi 125 au karibu na hapo. Uga huo huiamsha chipu na kuipa umeme wa kuitosha kutaja namba yake, kisha kazi imekwisha. Chipu inaishi kwa umeme wa kuazima kutoka kwa gari lenyewe, sekunde hiyohiyo inapohitajika.

Kwa hiyo betri ya ufunguo ni ya rimoti peke yake.

Ikifa, unafungua mlango kwa chuma, unaingia, unawasha. Kwenye gari la kubonyeza kitufe unausogeza ufunguo mpaka uguse kitufe cha kuwashia, au unauweka kwenye nafasi maalumu iliyo karibu na usukani au katikati ya viti, kulingana na muundo wa gari; kitabu cha gari huonyesha mahali hasa. Jambo moja la kujiandaa nalo ni kwamba baadhi ya magari, yakifunguliwa kwa chuma baada ya kufungwa kwa rimoti, hupiga king'ora mpaka injini iwake. Ni vizuri kulijua hilo ukiwa umekaa mahali pa utulivu na si usiku wa manane, majirani wakichungulia madirishani.

## Kumbukumbu inakaa wapi

Ikabaki rimoti. Je, yenyewe husahau?

Rimoti ya gari hairudii neno lilelile kila mara, kwani ingekuwa hivyo mwizi angelirekodi mara moja na kulicheza baadaye. Kila ubonyezapo, hutuma namba mpya iliyokokotolewa kutokana na siri inayojulikana kwa rimoti na gari pekee, pamoja na hesabu inayosonga mbele. Fikiria watu wawili wenye madaftari yanayofanana: kila wanapokutana, kila mmoja hufungua ukurasa unaofuata, na anayekuja na ukurasa wa zamani hakaribishwi. Ukibonyeza ufunguo ukiwa mbali, daftari lako linasonga na la gari halisongi; gari limeachiwa nafasi ya kuruka kurasa kadhaa mbele ili likukute, lakini nafasi hiyo ina mwisho.

Siri na hesabu hizo huhifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, ya aina ileile inayobakiza picha zako ndani ya kadi ya kumbukumbu iliyotolewa kwenye kamera. Kuondoa betri hakuifuti, iwe ni kwa dakika moja au kwa mwaka mzima. Kwa hiyo suala la kuwahi kabla haujasahau halipo.

Hapa, hata hivyo, nilikutana na kipande cha kwanza cha ukweli wa mzee. Baadhi ya magari, hasa ya zamani kidogo, huhitaji rimoti ilinganishwe upya na gari baada ya betri kubadilishwa: unaingiza ufunguo, unauzungusha mpaka hatua fulani, unabonyeza kitufe kwa mpangilio ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, nayo yanaelewana tena. Hiyo haihitaji kompyuta ya fundi. Lakini mtu asiyejua hatua hizo, akibonyeza na gari likikataa, atasema nini? Atasema umesahau.

Kuna na mchanganyiko wa pili, ambao nadhani ndio unaowatia watu hofu kuliko yote. Ufunguo mpya kabisa lazima utambulishwe kwa gari, na kwa magari mengi kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya fundi, tena si ya bei rahisi. Ufunguo wa zamani wenye betri mpya si ufunguo mpya. Watu wameyasikia mambo haya mawili katika mazungumzo mamoja, yakashikamana.

## CR2032

Mgongoni mwa kila betri ya namna hii kuna maandishi, kama vile CR2032, na maandishi hayo ni vipimo. C ni aina ya kemikali, yaani lithiamu na dioksidi ya manganizi, ambayo hutoa volti 3. R maana yake ni ya mviringo. Namba mbili za kwanza ni kipenyo kwa milimita, 20, na mbili za mwisho ni unene kwa sehemu za kumi za milimita, 32, yaani milimita 3.2. Ukishalijua hili, CR2025 na CR2016 na CR1632 zinajieleza zenyewe.

Tofauti ya CR2025 na CR2032 ni milimita 0.7 tu, zote zina volti 3, na hapo ndipo watu wanapojaribiwa. Iliyo nyembamba ikiwekwa mahali pa iliyo nene, inafanya kazi leo na kesho inakataa, kwa sababu vilimi vya chuma haviibani. Ufunguo ukianguka sakafuni, betri inaruka kidogo na mguso unapotea. Nimeona watu wakiziba nafasi hiyo kwa karatasi ya foili iliyokunjwa. Foili ni chuma, na chuma kinachoteleza ndani ya saketi hakichagui pa kugusa. Iliyo nene nayo ikilazimishwa mahali pa nyembamba hupindisha vilimi na kuliacha gamba wazi kwa vumbi na maji. Soma maandishi ya betri unayoitoa, au yale yaliyochongwa ndani ya gamba, nunua hiyohiyo.

Na ipo LIR2032, ambayo umbo lake ni lilelile lakini ni ya kuchajiwa, na ikijaa hufikia volti 4.2. Saketi iliyotengenezwa kwa ajili ya volti 3 haina sababu ya kujaribiwa kwa hizo.

## Mita ilinidanganya kwa heshima

Kabla ya kufungua nilitaka ushahidi kwamba betri ndiyo mkosaji. Siku moja nilikuwa nimeitazama betri kama hiyo ya kifaa kingine kwa mita ya umeme: ilionyesha volti 2.9. Kwa betri ya volti 3, nani angeilaumu?

Tatizo ni kwamba betri za lithiamu za namna hii hushikilia volti zake karibu maisha yake yote, kisha huporomoka mwishoni. Tena mita haiiombi betri kazi yoyote; inaitazama tu. Rimoti inaporusha mawimbi huiomba mkondo wa ghafla, kiasi cha miliampea kumi hivi, kwa kitambo kifupi sana, na betri iliyozeeka, ambayo ukinzani wake wa ndani umepanda, hushindwa papo hapo: volti zinashuka, saketi inazima kabla haijamaliza kusema. Ukimaliza kubonyeza, volti zinarudi juu. Baridi huongeza tatizo hilo, ndiyo maana ufunguo hugoma asubuhi na mchana ukawa mzima.

Dalili niliyoiamini zaidi ikawa ileile ya kwanza, umbali unaopungua. Kitufe kilichochakaa hakifanyi hivyo; chenyewe hukataa ukiwa mbali na hukataa ukiwa karibu, au hukubali ukikibonyeza pembeni tu. Na kama kitufe cha kufunga kinafanya kazi vizuri kutoka mbali na cha kufungua hakifanyi, betri haina hatia, kwa kuwa ni ileile inayovihudumia vyote viwili. Wangu ulikataa vyote viwili ukiwa mbali na kuvikubali vyote ukiwa karibu.

## Kitambaa cheupe

Nilitandika kitambaa cheupe mezani, kwa sababu vitu vya ndani ya ufunguo ni vidogo, vingine ni vyeusi, na vikianguka kwenye zulia hutaviona tena.

Ufunguo wangu ni wa chuma kinachokunjwa, na gamba lake halina skurubu. Pembezoni mwake, upande wa pete, kuna mkato mwembamba wa kuingiza ncha ya bisibisi bapa. Niliizungushia ncha hiyo selotepu tabaka mbili ili isichubue plastiki, nikaiingiza, kisha nikaizungusha badala ya kuinyanyua. Tofauti ni kubwa. Ukinyanyua, nguvu yote inakwenda kwenye kona moja na kile kimeno cha plastiki kinachoshikilia gamba kinavunjika. Ukizungusha, pande mbili zinaachana kwa usawa. Kikasikika "tak" cha kwanza, nikahamisha bisibisi mbele kidogo, kikasikika cha pili. Nilisimama pale muda nikiwaza kama ile ilikuwa sauti ya kufunguka au ya kuvunjika, maana hutofautiana kidogo sana, na nadhani watu wengi huishia hapo na kumpelekea fundi.

Ilikuwa ya kufunguka.

Niliinua nusu moja taratibu. Ndani kulikuwa na mpira mwembamba wa vitufe, bodi ya kijani, na betri imelala chini ya vilimi viwili. Kabla ya kugusa kitu nilipiga picha kwa simu, kwa ajili ya upande wa betri: uso mpana wenye maandishi ni chanya, na si kila ufunguo unaouelekeza juu.

Kisha nikaona kitu ambacho sikukitarajia kukiona kikiwa wazi kiasi kile.

## Kipande cheusi

Katika kona ya nusu ya pili ya gamba, mbali kabisa na bodi, palikuwa na shimo dogo, na ndani yake kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mahindi. Hakikuwa na waya. Hakikuwa kimegundishwa kwa gundi yoyote niliyoweza kuiona. Kilikuwa kimekaa tu, na nilipoliinamisha gamba kidogo, kikasogea.

Hiyo ndiyo chipu ya kuzuia wizi. Ile isiyokula betri, ile inayoiambia injini iwake, ilikuwa imelala pale bila kufungwa, na kama ningeligeuza gamba juu chini kutoa vumbi, kama nilivyokuwa karibu kufanya, ingeangukia kitambaani. Mtu aliyefungulia ufunguo wake juu ya nyasi asingejua hata kwamba kuna kilichoanguka. Angeweka betri mpya, angefunga gamba, angebonyeza na milango ingefunguka vizuri kuliko awali. Angeingia, angezungusha ufunguo, na injini ingekataa, au ingewaka na kuzima palepale, taa ya ufunguo ikiwakawaka kwenye dashibodi.

Angesema nini kwa jirani yake? Angesema alitoa betri, ufunguo ukalisahau gari.

Nilikaa nikakitazama kipande kile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ushuhuda wa mzee ulikuwa sahihi. Sababu ndiyo iliyokosewa. Ufunguo aliouona ukigoma huenda haukusahau lolote, huenda ulipoteza kiungo. Na ushauri wake wa kumpelekea fundi, ambao nilikuwa nimeanza kuuona kama woga, ulikuwa unamlinda mtu dhidi ya hatari ya kweli kwa jina lisilo lake. Jambo hilohilo huwapata wanaonunua gamba jipya kwa sababu la zamani limechakaa: wanahamisha bodi, wanahamisha chuma, wanalitupa gamba la zamani na chipu ikiwa ndani.

Si kila ufunguo uko hivyo. Katika nyingi chipu imeunganishwa kwenye bodi yenyewe na haiendi popote. Lakini kwa nje huwezi kujua, kwa hiyo fungua juu ya kitambaa, gamba likiwa limelala, na usilipindue mpaka ujue chipu iko wapi.

## Kuitoa, kuiweka

Baada ya hapo kazi yenyewe ilikuwa fupi. Niliinua betri ya zamani kwa kijiti cha meno. Kibano cha chuma ni kibaya hapa, kwa sababu ukingo mzima wa betri ni chanya na uso mdogo wa upande wa pili ni hasi, vimetenganishwa na utepe mwembamba wa plastiki. Kibano kikishika pande zote mbili kinaziunganisha. Betri mpya niliishika kwa kingo na kuifuta kwa kitambaa kikavu, maana mafuta ya vidole huacha utando unaozuia mguso. Siku hizi kuna na sababu ya pili ya kufuta: baadhi ya watengenezaji hupaka betri hizi kemikali chungu ili mtoto akiitia mdomoni aiteme, na tabaka hilo kwenye vifaa vichache huzuia umeme. Apple yenyewe huwaonya watumiaji wa AirTag, kile kidude cha kutafutia vitu vilivyopotea, kwamba baadhi ya betri zenye uchungu huo huenda zisifanye kazi ndani yake. Kwenye ufunguo wangu haikuleta shida.

Gamba likafungwa kwa kubanwa kwa vidole, mpira ukiwa umekaa kwenye mfereji wake. Nikajaribu mambo mawili, na mpangilio wake una maana: kwanza kuwasha injini, milango ikiwa wazi bado, ili kuhakikisha chipu ipo, ndipo rimoti, kutoka umbali ule nilioupoteza.

Vyote viwili vikaitika.

## Iliyotoka

Betri niliyoitoa haikuwa imekufa kwa maana ambayo mtu hudhani. Imeshindwa kurusha mawimbi, lakini bado ina volti za kuunguza.

Nataka nilikazie hili, kwa sababu miongozo mingi ya kubadilisha betri huishia gari linapofunguka. Betri ya milimita 20 ikimezwa na mtoto mdogo inaweza kukwama kwenye umio. Ikikwama, umeme unapita kwenye nyama yenye unyevu na kutengeneza alkali kali upande wa hasi; betri haihitaji kuvuja wala kupata moto. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2, na mara nyingi hakuna aliyeona ikimezwa. Mtoto anayeshukiwa kuimeza apelekwe hospitali mara moja kwa ajili ya eksirei, asitapishwe. Madaktari wa sumu nchini Marekani wanashauri kwamba akiwa amezidi mwaka mmoja, na asali ipo karibu, apewe vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10 njiani, bila kuchelewesha safari kwa sababu ya kuitafuta. Nchi hiyo ilipitisha sheria mwaka 2022 inayotaka vyumba vya betri hizi kwenye bidhaa za nyumbani vifunguke kwa kifaa au kwa miondoko miwili tofauti, na iliyowasukuma ni vifo vya watoto.

Kwa hiyo iliyotoka niliizungushia selotepu pande zote mbili kabla hata sijafunga gamba, nikaiweka mahali pa juu, kisha nikaipeleka panapokusanywa betri chakavu. Selotepu inazuia na jambo jingine: betri kadhaa zikirundikwa wazi hugusana, zikaunganishana, zikapata joto.

## Ambazo ningeziacha

Zipo funguo ambazo, pamoja na yote haya, nisingezigusa. Baadhi ya funguo za BMW za miaka ya mwanzo ya 2000 zina betri ya kuchajiwa iliyolehemiwa kwenye bodi, inayojazwa na gari lenyewe ufunguo ukiwa kwenye tundu. Gamba lake limegundishwa na hufunguliwa kwa kukatwa. Betri ya lithiamu haipaswi kupakwa risasi ya kulehemu moja kwa moja, kwa sababu joto linaweza kuipasua. Huuzwa zenye vilimi tayari, na hiyo ni kazi ya mkono uliozoea. Vilevile ufunguo ulioingia maji, ambao bodi yake imeanza kuota kutu ya kijani, shida yake si betri, na betri mpya ndani yake itaisha haraka.

## Ufunguo wa akiba

Mwenzangu alipoona wangu umefaulu, akaniletea wa kwake na wa akiba. Gari lake ni la kubonyeza kitufe, na funguo za aina hiyo hula betri kwa namna nyingine: hata zikiwa zimelala mezani, zinasikiliza wakati wote kama gari linaziita. Zikiwekwa karibu na televisheni, kompyuta au chaja, kelele za vifaa hivyo huziamsha bure. Kitabu cha gari cha Toyota, kwa mfano, huonya kuziweka umbali usiopungua mita 1. Ndiyo maana ule wa akiba, ambao haujawahi kubonyezwa, betri yake ilikuwa imekwisha kabla ya ule wa kila siku.

Nilipendekeza tuutoe betri kabisa na kuiweka mpya pembeni ikiwa kwenye pakiti yake. Chipu ingeendelea kuwasha gari, chuma kingefungua mlango, na betri ingekaa miaka bila kuliwa.

"Na siku nitakapomtuma mtu mwingine achukue gari?" akauliza. "Nimpigie simu nimweleze kidogo kidogo aguse wapi, afungue nini, asishtuke king'ora?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Kitabu cha gari lake ndicho kilichotupatanisha: ufunguo huo unaweza kulazwa usingizi kwa kushikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, taa yake ndogo ikawaka mara 4, na kuanzia hapo hausikilizi tena mpaka mtu abonyeze kitufe chochote. Tuliutia betri mpya, tukaulaza, na ndani ya gamba nikaandika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa ajili ya yeyote atakayeufungua tena.